Nilimlilia Pacha Wangu Kwenye Mikro

Nina miaka ishirini na tano, ninaishi Kampemba, Lubumbashi, pamoja na mama yangu muuza makala, yaani makaa ya kupikia. Mpaka leo kuna watu nisiowajua wanaonisikiliza nikilia kwenye simu zao. Wengine hunitambua sokoni kwa sauti tu. "Njo weye wa mapasa?" wananiuliza. Ninakana. Nasema huyo ni dada yangu... Mwongo mkubwa mimi! Dada sina. Nilikuwa na kaka mmoja tu, na tulizaliwa siku moja.

Kwetu pacha tunawaita mapasa; wa kwanza huitwa Kyungu na wa pili Kabange. Kyungu ni yeye, Kabange ni mimi. Na pacha wana sheria zao. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake. Ukimsalimu mmoja, msalimu na wa pili. Na iliyo kubwa kuliko zote: pacha haliliwi. Hata akifa, watu huimba na kucheza, na wazee wenye heshima zao hutoa matusi ya utani bila aibu. Kumlilia pacha aliye hai, mama alituambia tangu utoto, ni kumwonyesha njia ya kaburi.

Tulikulia Pweto, kando ya ziwa ambalo ng'ambo yake ni Zambia. Mama alikuwa akinunua samaki wakavu ziwani na kuwatuma Lubumbashi kwa malori. Hatukuwa matajiri, lakini tulikula tukashiba. Kisha watu wenye silaha wakaanza kuchoma vijiji, na siku walipotufikia kila mtu alikimbilia alikoweza. Mama na mimi tulipanda lori la kuja Lubumbashi. Kyungu alikuwa ufukweni kwa wavuvi... Hatukumwona tena.

Mama hakulia. Kila alipopika bukari, ugali wetu, alimega kipande na kukiweka pembeni. "Ya Kyungu," alisema, kana kwamba mwanawe ameenda kuoga tu. Baadaye alikipeleka kwa watoto wa jirani. Mimi nilikuwa nakitazama kile kipande mpaka kinapoa.

Mungu akanifungulia mlango, nikapata nafasi ya kusomea mawasiliano. Huko tulijifunza kutengeneza tovuti na podikasti. Jamani, nilivyopenda kazi ile! Mara ya kwanza nilipoona sauti yangu kwenye kompyuta, imepanda na kushuka kama vilima, nilicheka peke yangu. Nilijifunza kukata kikohozi katikati ya sentensi. Nilijifunza kurekodi chini ya blanketi ili pikipiki za barabarani zisisikike, huku jasho likinitiririka mpaka kwenye karatasi.

Kila mwanafunzi alitakiwa kuanzisha kipindi chake. Mimi sikufikiri mara mbili. Kipindi changu nilikiita "Nani Alimwona?" Watu waliokimbia upande wa Pweto walikuja kutaja ndugu waliowapoteza, nami nikaweka sauti zao mtandaoni. Sauti huvuka ziwa bila mtumbwi, nilijiambia. Siku moja itamfikia Kyungu.

Sasa niwaambie kuhusu Trésor. Alikuwa amemaliza shule ile kabla yangu, akafungua kibanda Kampemba, anachapisha karatasi za watu na kuwatengenezea tovuti. Aliniazima kompyuta, akanifundisha yale ambayo mwalimu aliyapita haraka. Alikuwa mpole, mcheshi, anamwamkia mama kwa mikono miwili. Wajomba zake walikuwa wameshakuja kubisha hodi nyumbani. Nilimpenda... mbona nifiche?

Simu yangu ilikuwa ya vitufe, haipokei ujumbe wa sauti. Basi namba niliyoitangaza mwisho wa kila kipindi ilikuwa ya Trésor. Tovuti aliiandikisha kwa jina lake, na neno la siri alilijua yeye peke yake. Kuna siku nilitaka kumwuliza, nikaona haya. Mchumba wako akikufungulia mlango kila siku, utamdai ufunguo wa nini?

Mwanzoni wasikilizaji walikuwa wachache. Ndipo Trésor akaniambia nimzungumzie Kyungu mwenyewe, na nisijizuie. "Lia, Kabange. Bantu banapenda kusikia muntu analia."

Nilimweleza kwamba pacha haliliwi. Akacheka, akasema hayo ni mambo ya wazee, mtandao hauna mizimu. Nikawasha mikro, nikataja jina la kaka yangu, nikataja ufuo alikopotelea... machozi yakanitoka yenyewe. Sikuyakata.

Wasomaji wenzangu, kipindi kile kilitembea! Kilifika Kolwezi, Likasi, Kalemie, kilivuka mpaka. Watu walikibeba kwenye simu zao kama dawa. Wenye maduka wakataka majina yao yatajwe. Na mimi, nisiseme uongo, nilifurahi. Nikalia tena kipindi kilichofuata, na kingine. Mwishowe nilijua hata mahali pa kunyamaza ili kwikwi isikike vizuri.

Mama alikisikia kwa jirani. Alirudi nyumbani na kikapu chake cha makala, akasimama mlangoni bila kukitua.

"Kabange, unamulilia ndugu yako? Mapasa habamuliliake! Unamufukuza wapi?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia machozi yangu yatamleta Kyungu, lakini bukari yake ya pembeni imemleta nani? Nikikumbuka jibu lile natamani kujing'oa ulimi.

Miezi ikapita. Hali ya nchi ikazidi kuharibika. Milio ya risasi ilisikika hata mjini, intaneti ikakatwa, ikarudishwa, ikakatwa tena. Kila nilipomwuliza Trésor kama kuna ujumbe kutoka Pweto, alisema mtandao ni mbaya, tungoje. Nikangoja. Yeye akawa mtu wa kwenda Karavia, hoteli ya wakubwa, kukutana na wenye pesa, anarudi ananukia nyama choma na kuniambia kuna jambo kubwa linakuja, nitamshukuru.

Asubuhi moja nikiwa nasuuza vyombo uani, aliingia mwanamke mnene mwenye vumbi la safari. Alijiita Maman Béa. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki, aliyewahi kununua pamoja na mama zamani. Hakunisalimu. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Weye njo Kabange? Weye ni muntu wa namna gani?"

Nikadhani amenifananisha. Mama akatoka ndani, na Maman Béa akaanza kueleza. Kyungu alivuka ziwa siku ile ya vita. Alikuwa anaishi upande wa Zambia, anakausha samaki wa watu. Alisikia kipindi changu kwenye simu ya mchuuzi, akaruka, akapiga kelele kwamba huyo ni Kabange wake! Akatuma ujumbe kwenye namba ile, naye akajibiwa.

Akajibiwa! Nikaacha vyombo, nikamsogelea.

Maman Béa alisema Kyungu alikuwa na kifua kibaya, amekonda. Yeye mwenyewe alimwambia apande naye lori waje Lubumbashi, njia ingali wazi. Kyungu akakataa. Alimwonyesha ujumbe: angoje palepale, asiondoke, dada yake anakuja kumchukua. "Anasema, nikiondoka, Kabange atakuya na hatanikuta," Maman Béa alisema, na sauti yake ikapungua. "Njo akangoya. Njia ikafungwa. Kifua kikamumaliza. Tulimuzika kule ng'ambo, mama mapasa. Juu ya nini ulimuambia angoye, we mutoto?"

Kisha akafungua fuko lake. Akatoa samaki mkavu, mkubwa, aliyepasuliwa katikati kuanzia kichwani mpaka mkiani. Upande mmoja tu. Kyungu alikuwa amempa siku ile ya lori atuletee, ila lori lilirudishwa njiani. Upande wa pili alikuwa ameula Kyungu mwenyewe.

Sikumbuki nilivyofika kwenye kibanda cha Trésor. Nakumbuka tu kwamba hakukana. Alisema ni kweli, alimpata Kyungu, na alitaka kunifurahisha. Amepata mtu wa Karavia wa kulipia kamera. Tungesafiri pamoja, tungekumbatiana ufukweni, nchi nzima ingeona. "Kama ningekuambia mbele, haungelia vizuri," alisema. Vita ilipofunga njia akaona tungoje kidogo. Ujumbe wa mwisho wa Kyungu aliuona, ila alidhani ni kifua tu...

Alinisikilizisha. Sauti ilikuwa nzito, ya mwanaume, siyo ya kijana niliyemwacha. Lakini alicheka kwa namna ileile, kisha akakohoa, kikohozi kirefu ambacho hakuna aliyekikata. "Kabange, miye niko hapa. Ukichelewa hapana neno. Nakungoya."

Nikaanguka chini, nikapiga kelele kama mnyama. Na nilipoinua uso... simu ya Trésor ilikuwa imenielekea. Alikuwa ananirekodi!

Kilio kile ndicho watu wanachosikiliza mpaka leo. Alikiweka kwenye tovuti kama kipindi cha mwisho. Nilimwomba akiondoe, wajomba zangu walienda, hakukubali. Nilipoomba msaada shuleni niliambiwa tovuti ni ya aliyeiandikisha. Sauti ni yangu, kaka ni wangu, mlango wa mtu mwingine. Uchumba nilioona nitazeeka nao uliishia pale sakafuni.

Matanga ya Kyungu yalifanywa kama yanavyofanywa ya pacha. Wanawake wa Pweto walijaa uani, wakaimba nyimbo za mapasa, wakatukanana, wakacheza. Mama alicheza katikati yao, miguu mitupu, uso mkavu. Na mimi nilikaa kando, nikitafuta ndani yangu machozi hata ya siri, ya chini ya blanketi. Hayakuwepo. Nilikuwa nimeyatoa yote kwa watu baki, kaka yangu akiwa hai.

Ndugu zangu mnaojifunza kazi hii, ni kazi nzuri, sitawaambia mwiache. Lakini namba iwe yako. Neno la siri liwe lako, hata kama anayekusaidia ni mchumba, hata kama ni mjomba. Usione haya kuuliza. Haya yangu ndiyo iliyomzika Kyungu. Na mtu akikuambia ulie ili usikilizwe, mkimbie! Kuna mambo ya nyumbani ambayo mikro haipaswi kuyala.

Sijamwambia mama kwamba ninajiona mimi ndiye niliyemfukuza. Naye hajaniuliza tena. Siku watu walipotawanyika, alichemsha ule upande wa samaki, akasonga bukari, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke Pweto hakumega kipande cha pembeni. Alisukuma sahani yote mbele yangu.

"Kula," alisema. "Yeye alishakula yake."

Nikala. Samaki alikuwa na chumvi nyingi, kama tulivyokuwa tukimpenda, Kyungu na mimi.