Mguu wa Solofo

Kila asubuhi, pale Antananarivo, Voahangy alichoma vitumbua vya mchele. Mumewe Solofo, dereva wa teksi, alimpandisha yeye na kapu lake hadi Mji wa Juu, kwenye maofisi. Watu wa ofisini wanataka vitumbua vya moto. Vikipoa, hakuna mnunuzi.

Juma lile teksi ikaanza visa. Ikifika mlimani, injini inanguruma lakini gari linatambaa, na ndani kunanuka kuungua. Jumatano likakwama katikati ya mlima. Nyuma yao akatokea jirani yao Naivo, na teksi kuukuu kama yao. Voahangy akahamia kwa Naivo na kapu lake. Solofo akawaona wakipanda mlima huku wanacheka. Moyo ukamchoma.

Alhamisi ikawa hivyo hivyo. Ijumaa Voahangy alikwenda kwa Naivo moja kwa moja. Solofo akawaza. Magari yao ni ya umri mmoja, mbona la mwenzake linapanda? Lazima ana hirizi. Na mke wa mtu anachekeshwa nini kila siku?

Jioni Voahangy akaanza, "Baba Fara, Naivo anasema..."

"Sitaki kusikia la Naivo humu ndani."

Jumamosi akalikokota gari hadi kwa fundi, mzee Ralay. Mzee akamwambia avute breki ya mkono, aingize gia ya juu, kisha aachie klachi polepole.

"Klachi nzima ingezima injini," mzee akasema. "Yako inateleza. Sikiliza, injini bado inanguruma."

Wakashusha giaboksi. Sahani ya klachi ilikuwa imelika, imekuwa nyembamba na nyeusi.

"Hii ikibana, nguvu ya injini inafika magurudumuni. Ukikanyaga nusu, inasuguana tu, inalika. Ukisimama mlimani, gari unalishikaje?"

"Kwa klachi, mzee. Breki ya mkono mlimani ni ya wanaojifunza." Ndivyo madereva wa mlimani walivyotambiana miaka yote.

"Basi umeichoma mwenyewe. Simama kwa breki. Na ukishabadili gia, mguu uondoe kwenye klachi, usiupumzishe pale."

Wakabadilisha sahani, presha inayoibana sahani, na beringi, vyote pamoja, maana vilichakaa pamoja.

Jumatatu Voahangy akapanda kwa mumewe. Katikati ya mlima foleni ikasimama. Solofo akavuta breki ya mkono, akatoa gia, akaondoa mguu kwenye klachi. Wivu nao ukamtoka mdomoni.

"Mama Fara, Naivo alikuwa anakuchekesha nini?"

"Alikuwa anakuigiza wewe, unavyolishika gari kwa mguu mpaka goti linatetemeka. Akasema, mwambie mwenzangu atumie breki ya mkono, ataunguza klachi. Nilipotaka kukuambia, ukanifunga mdomo."

 Foleni iliposogea, gari likapanda bila kunguruma. Huko juu alikuwepo Naivo, anasubiri abiria. Solofo akasimama, akachukua vitumbua viwili kapuni.

"Hivi vya Naivo," akasema. "Nampelekea mwenyewe, kabla havijapoa."