Alama za Mzee Mwandawiro

Wakesho alikutana na Kiilu katika duka la kuchapisha karatasi karibu na soko la Voi, watu wamebanana mpaka mlangoni. Gauni lake la kitenge cha manjano lilikuwa limelowa jasho la wasiwasi. Kwenye kompyuta, faili aliyoifungua ilikuwa imejaa alama za misalaba na vikofia katikati ya maneno.

"Hiyo ni lugha gani, mrembo?" aliuliza kijana mrefu mwenye shati la miraba.

"Kidawida, lugha ya Wataita. Ni kamusi ya baba, na kompyuta inaitukana."

Kijana akacheka. "Haitukani. Herufi huhifadhiwa kama namba, na mitindo ya kuzisoma namba hizo ni mingi. Faili haisemi ni mtindo upi. Lazima mtu akisie. Naitwa Kiilu, programu ndiyo kazi yangu. Niachie."

Baba yake Wakesho, Mzee Mwandawiro wa Mghange, alikusanya maneno hayo miaka ishirini, akiweka alama juu ya irabu kuonyesha sauti inapopanda na inaposhuka. Sasa kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya ulimi, na mpiga chapa alitaka kazi Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Flashi aliyokuja nayo dukani ndiyo iliyokuwa nakala pekee. Wakesho akampa.

Simu za Kiilu zikaanza.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe je, au umetafuna kibodi?"

Wiki tatu zikapita, Wakesho akijikuta anatabasamu peke yake kazini. Kisha Jumatatu moja sauti ya Kiilu ikaja imekauka.

"Nimekosea, mpenzi. Programu ya kukisia ilisema ni mtindo wa Windows. Nikaiamini, nikahifadhi juu ya faili ileile. Alama nyingine zimegeuka kuwa alama za kuuliza. Hazirudi."

"Juu ya nakala ya baba?"

"Ndiyo."

Wakesho akakata simu. Kesho yake, hasira zilipopoa, akampigia. Hapatikani. Jumatano, hapatikani. Chakula kikamshinda. *Amenitoroka,* aliwaza, *na baba nitamwambia nini?*

Alhamisi akaomba ruhusa kazini, akapanda mlimani Mghange, nyumbani kwa baba. Mlangoni akakuta viatu vya kiume vimejaa matope. Ndani, Kiilu alikuwa kando ya kitanda, laptopu magotini, mkono wake umo mkononi mwa mzee.

"Baba, hapa ni e au u? Ukibana mara moja ni e, mara mbili ni u."

Vidole vya mzee vikabana mara moja.

"E. Asante, Baba."

"Kiilu! Simu yako?"

"Niliizima. Niliogopa kusikia ukiniacha kabla sijatengeneza." Akaonyesha kompyuta kuukuu ya mzee iliyofunikwa kitambaa. "Haiwaki tena, lakini ni Macintosh, si ya Windows. Nikatumia mtindo wake, misalaba ikageuka irabu. Zile zilizopotea ndizo tunazomuuliza mzee. Zimebaki arobaini."

"Siku tatu nimelia, Kiilu!"

"Nisamehe, Wakesho. Sina la kujitetea."

Alimtazama baba yake: amekonda, pumzi fupi, macho yanang'aa jinsi ambavyo hayajang'aa tangu augue. Akavuta kigoda, akaanza kusoma maneno kwa sauti. Saa kumi wakamaliza, faili ikaenda kwa mpiga chapa, na nakala nyingine tatu zikahifadhiwa.

Nje, kando ya shamba la kabeji, Kiilu akamshika mkono.

"Nikileta wazee wangu hapa, watapokelewa?"

Wakesho aligeuka kuangalia dirisha la baba.

"Waje Jumamosi hii," alisema. "Baba awaone."

Kiilu akawasha simu, akampigia mama yake.