Chungu Kimoja, Mawaziri Wawili

Gaspar, waziri wa zamani, alikufa ameketi, mgongo ukiegemea nguzo ya kibanda, mbele ya chungu cha pombe ya mtama. Povu lilikuwa limemkauka mdomoni. Suti yake ilipigwa pasi ikanyooka, maana hata ukimbizini mheshimiwa hakukubali kufanana na watu.

Inspekta Nyanda wa kituo cha Mpanda aliinama, akanusa. Dawa ya wadudu wa tumbaku. Katika makazi yale ya wakimbizi, hakuna nyumba iliyoikosa.

"Walikunywa wangapi?"

"Watano, afande," alijibu Koplo Kasimu. "Chungu hichi kimoja. Aliyekufa ni huyu tu."

Daktari alimnywesha jogoo pombe iliyobaki. Jogoo alilewa, akawika ovyo, kisha akalala usingizi wake kwa amani.

Mkuu wa Polisi wa Wilaya hakuona cha kuumiza kichwa. Miongoni mwa wanywaji alikuwemo Dieudonne, naye waziri wa zamani. Yeye na Gaspar walitoka vyama hasimu, wakakalishwa pamoja katika baraza la mawaziri la serikali ya mseto, kwao, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Serikali hiyo ilivunjika kabla ya mwaka kwisha, wakakimbilia huku. Pombe ile ililetwa ili wapatane.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," alisema mkuu. "Kesho Dieudonne anakwenda Sumbawanga kwa kesi ya mauaji."

"Nipe leo, afande."

"Leo tu."

Nyanda alichukia kesi inayohukumiwa kabla ya kupelelezwa. Watu hunyongwa hivyo.

Katika chumba cha mahabusu, Dieudonne alimpokea Nyanda akiwa amesimama, kifua mbele.

"Ulimchukia Gaspar?"

"Sana. Andika hivyo hivyo. Kila kikao tuligombana. Yeye alitaka wakimbizi waitwe warudi nyumbani, mimi nikasema vita haijaisha."

"Ndiyo ukamuua."

"Sikumuua nikiwa na walinzi na gari, nije kumuulia kwenye pombe ya mama wa watu?"

"Mbona wewe hukufa?"

Dieudonne akachomoa mrija mrefu wa kunywea pombe kutoka ndani ya koti. "Sisi mtu mzima anatembea na mrija wake. Huu nilipewa na baba."

"Na Gaspar?"

Mzee alicheka kwa dharau. "Yule mtoto wa mjini? Tai anayo, mrija hana. Mama mwenye nyumba tuliyonywea ndiye aliyemwazima."

Nyanda alisimama. Pale penye maiti hapakuwa na mrija wowote.

Mwenye nyumba, mjane aitwaye Générose, alikuwa anapepeta mahindi. Hakuacha kupepeta.

"Shikamoo mama. Mrija aliotumia marehemu uko wapi?"

"Tafuta. Nyie si ndio polisi?"

Yeye na Kasimu walitafuta jikoni, jalalani, hadi chooni. Mwishowe Nyanda akaingia chumba cha ndani. Ukutani lilitundikwa shati jeupe la kijana, na kando yake, kwenye msumari wake, mrija. Aliunusa. Ilikuwa harufu ile ile.

Akatoka nao, ameushika kwa kitambaa.

"Mama, ungeutupa huu nisingekupata kamwe."

"Niutupe?" Ungo ukatua chini. "Ni wa mwanangu, Ponsian!"

"Yuko wapi Ponsian?"

"Muulize huyo waziri wako aliyekufa. Alikuja hapa na gari la serikali, akasema kwa kipaza sauti: vijana rudini, tumeshaungana, amani ipo. Mwanangu akapanda boti Karema. Wiki haikuisha wakamchinja. Halafu huyo huyo anakimbia, anakuja kuishi jirani yangu, kila siku anapanga nani atapewa wizara gani wakirudi!"

"Ndiyo ukatia sumu ndani ya mrija."

"Nilitia. Lakini nilimuuliza kwanza. Nilikuwa na mirija miwili mkononi, baba. Nikamwambia, mheshimiwa, unamkumbuka Ponsian? Angemkumbuka, ningempa ule mwingine." Sauti yake haikutetemeka. "Akasema, Ponsian yupi?"

Kasimu akatazama pembeni. Nyanda alikuwa na watoto wa kiume nyumbani. Hata hivyo akatoa pingu.

"Dieudonne ataachiwa leo."

"Aachiwe. Yeye tangu mwanzo alikataa vijana waitwe." Akanyoosha mikono mwenyewe.

Kituoni, Kasimu alianza kuandika lebo ya kielelezo: *Mrija mmoja wa tete.*

"Umeandika nini hapo?" aliuliza Générose.

Kasimu akamsomea.

"Futa! Hata nyie? Andika jina lake. Kule mahakamani wamtaje."

Kasimu alimtazama inspekta. Nyanda aliichukua kalamu, akakata maneno yale, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: *Mrija wa Ponsian.*