Kitanda cha Saba

Walikutana kwenye foleni ya dirisha la dawa, pale watu husimama kifua kwa mgongo. Fundi wa friji, shati la buluu lenye madoa ya kutu, alirudi nyuma akakanyaga kiatu cheupe cha nesi.

"Samahani, sista."

"Samahani haifuti kiatu."

Akainama akakifuta kwa kitambaa chake. Kikazidi weusi, maana kitambaa cha fundi nacho ni fundi. Nesi akacheka, na mwanamke akishacheka, mlango umebaki na komeo moja tu.

Ikawa simu asubuhi, simu mchana, na fundi wa friji akabatizwa Baridi.

"Baridi wangu, umekula?"

"Nimekula sauti yako, nimeshiba."

Upuuzi mtupu, lakini mtamu.

Mama yake fundi alipougua kifua, akalazwa wodi ya nesi huyohuyo. "Mkwe, sogea nikuone," mama humwita, naye hujifanya hasikii, huku tabasamu limefika masikioni.

Wodi ile wagonjwa hawakuwa na majina. "Saba apewe sindano ya kushusha sukari." "Tano atolewe damu." Ndivyo manesi walivyokabidhiana zamu. Mchana mmoja mgonjwa wa kitanda cha saba, mwenye kisukari, akalalamika kwamba choo kiko mbali. Mama, kwa huruma yake isiyoomba ruhusa, akabadilishana naye kitanda. Nesi akaja mbio, wodi nzima iko juu ya kichwa chake. Mama amelala, shuka usoni, mkono nje. Saba akapata sindano yake.

Jioni nesi alipofunua shuka, akakutana na uso wa mama mkwe. Hakuamka tena.

"Tutaandika moyo ulisimama," mkuu wa wodi akamwambia. "Nawe sista, mdomo ni nyumba. Funga."

Fundi akaomba faili la mama yake. Karani akalikumbatia.

"Faili ni mali ya hospitali, kaka."

"Na mama alikuwa mali ya nani?"

Karani akaitazama kalamu yake.

Nesi akamfuata fundi karakanani, sare bado mwilini. "Faili halitakwambia kitu. Nitakwambia mimi." Akasema yote, kitanda, shuka, sindano, bila kujipunguzia.

Friji moja ilikuwa inanguruma. Fundi akaizima.

"Ungenyamaza, ningekuoa."

"Najua, Baridi. Tungelala watatu."

"Nitapeleka malalamiko."

"Peleka. Shahidi wako ni mimi."

Akapeleka. Nesi akashuhudia, akafukuzwa kazi. Mkuu wa wodi alibaki, ndio kawaida ya wakuu.

Mvua zikaja, zikaenda. Nesi akapata kazi kwenye zahanati ndogo ya uchochoroni. Siku moja fundi akaingia, kiganja kimepasuliwa na bati, anataka sindano ya pepopunda. Hakujua atamkuta nani. Nesi akavuta dawa, kisha akasita.

"Jina lako?"

"Umelisahau?"

"Sijalisahau hata siku moja. Taja."

Akalitaja, lake, la baba, la babu. Nesi akamchoma taratibu. Fundi akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo, akakifungua, akakifunga tena, kama mtu anayetafuta sababu ya kubaki. Hakuiona. Akaenda.