Buti la Lami

Jumatano, Februari 1964. Saa nne asubuhi.

Nyuma ya gereji moja mjini Kakamega, Sifuna alichora barabara kwa chaki mezani. Duka la mnunuzi wa dhahabu hapa. Kizuizi cha polisi pale. Mashimo ya dhahabu ya Malinya huku.

"Barnaba ni karani wao. Anafungua kasha, tunabeba dhahabu, tunamtia butini mwa gari. Huko mbele tunamwachilia. Polisi wakiuliza, alitekwa."

"Na nikikohoa hapo kwa kizuizi?" Barnaba akauliza.

Sifuna alimnyooshea kidole Cornelius, fundi wa magari. "Shemeji yako atalinyamazisha hilo buti."

Cornelius alikwangua kutu, akapangusa bati, akapaka lami ya maji kwa brashi. Akagonga. Bati lililia kama debe. Akapaka mkono wa pili wa lami, mzito. Akagonga tena. Safari hii ilikuwa kama kugonga gunia la mahindi.

"Tungoje Jumamosi," alisema. "Nimeizimua kwa petroli. Kabla haijakauka, mtu hawezi kupumua humo."

Alhamisi, saa tano.

"Ni leo," Sifuna alisema. "Saa saba, mwenye duka akienda kula."

"Haijakauka."

"Nusu saa tu."

Cornelius alijua si sawa. Akachukua ufunguo.

Saa saba na dakika kumi.

Dhahabu ilijaa mkebe mmoja wa majani ya chai. Barnaba aliingia butini mwenyewe, akajikunja.

"Shemeji, nikishindwa nitagonga."

"Gonga kwa nguvu."

Saa saba na nusu.

Kwenye kizuizi askari alichungulia viti, akawapungia mkono wapite. Habari za wizi zilikuwa hazijamfikia.

"Nisimame nimfungulie," Cornelius alisema walipokata kona.

Sifuna aliweka bastola pajani. "Endesha."

Cornelius alitega sikio. Injini. Kokoto chini ya magurudumu. Nyuma, kimya.

Saa nane na robo.

Walisimama Malinya, kwenye mashimo ya dhahabu yaliyoachwa. Cornelius alifungua buti. Harufu ya petroli ilimpiga usoni. Barnaba alilala ubavu, macho wazi, vifundo vya vidole vimechubuka. Lami juu yake ilikuwa imebonyea kila mahali. Aligonga sana.

"Yeye tu ndiye angenitaja," Sifuna alisema.

"Ulijua atakufa?"

"Si wewe ulisema mtu hawezi kupumua humo?"

Cornelius aliinama. Alishika miguu, Sifuna akashika mabega, wakamtupa shimoni. Kisha Sifuna akaondoka na gari na mkebe kuelekea Mautuma. Cornelius akatembea hadi nyumbani.

Saa kumi na mbili jioni.

Mkewe, Risper, alimwekea obusuma, ugali wao, na mboga.

"Wanasema ndugu yangu ametekwa. Baba Jescah, umesikia kitu?"

Alimega tonge, akatafuna. Halikuwa na ladha yoyote.

"Yuko Malinya. Shimo la tatu kutoka barabarani. Waite askari. Waambie Sifuna ameelekea Mautuma, na mimi niko hapa."

"Yuko hai?"

Akatikisa kichwa kukana.

Risper alitoka mbio bila viatu. Cornelius alivuta sahani karibu, akaendelea kula, tonge baada ya tonge, mpaka askari walipoingia.