Sauti Nyuma ya Cherehani

Shoga yangu ni fundi cherehani, na haya aliniapia. Mchana kweupe alijifungia kwenye kibanda chake chenye giza, akavaa hedifoni asikilize wimbo wa marehemu mama yake, uliorekodiwa miaka kumi iliyopita mama huyo akiimba huku anashona.

Mngurumo wa cherehani kwenye rekodi hiyo ulimkera. Akafungua programu ya kurekebisha sauti kwenye simu, akashusha besi, akapandisha sauti nyembamba. Cherehani ikafifia. Nyuma ya mngurumo huo, humo humo kwenye rekodi, mtoto akasema, "Mama, nimekuletea maji."

Ilikuwa sauti ya binti yake, na binti huyo ana miaka sita tu.

Akashusha hedifoni shingoni. Mlango ukagongwa.

"Mama, nimekuletea maji."

Akainuka. Jamani, nani asiyemfungulia mwanawe? Alipogusa komeo, wimbo ukakatika shingoni mwake. Mama yake akasema taratibu, "Usimfungulie."