Punje Nyeusi ya Chama cha Kuzikana

Punje ya buni ilikuwa ya moto. Jovitha aliipokea kutoka kwa mumewe Josia, aliyetoka kuichomoa kibuyuni, mchana kweupe, akashtuka. Ilikuwa imekaangwa juzi, na kibuyu kilikuwa kimekaa kivulini tangu asubuhi.

Hapo kijijini Ijumbi, mwaka 1988, vita ya Amini ilikuwa imekwisha zamani, lakini majembe ya makaburi hayakupata kutu. Ugonjwa uliowamaliza watu, UKIMWI, waliuita Juliana. Kila msiba, watu wazima wote wa chama cha kuzikana walinyamaza kwanza kumheshimu marehemu, kisha mmoja mmoja akatia mkono kwenye kibuyu cha mwenyekiti Rwegasira na kuchomoa punje ya buni. Zote zilikuwa mbichi isipokuwa moja, nyeusi, iliyokaangwa. Aliyeipata, mwanamume au mwanamke, ndiye aliyeosha maiti, maana kazi hiyo hakuna aliyeitaka tena. Aliyekataa alifukuzwa, na asiyezika hazikwi.

Josia aliosha maiti siku ile. Baada ya wiki tatu akaoshwa yeye. Aliyemwosha alikuwa Ishengoma, na mwezi haukuisha Ishengoma naye akazikwa.

Jovitha hakungoja wa tatu. Alipanda gari hadi Kitendaguro, kwa mganga aliyeitwa Immakulata, akamweleza yote.

"Kabla ya kutia mikono mnafanya nini?" mganga akauliza.

"Tunanyamaza, waitu," Jovitha alijibu kwa heshima.

"Na mkinyamaza, mnamwaza nani?"

Jovitha akakumbuka. Siku ile Josia alikuwa amekwisha konda, na watu arobaini walimtazama yeye badala ya maiti. Ishengoma vilevile, na kikohozi chake.

"Jini lenu halina mti wala pango," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Linakaa katikati yenu. Wengi mkimwaza mmoja, linapata vidole, linasogeza punje. Nikilifukuza, itabidi niwafukuze ninyi wote."

"Ee waitu, nimebaki na Kokushubila tu. Binti yangu ameingia chamani mwaka huu, naye ameanza kukohoa, na watu wameshamwona!"

"Basi wape mwingine wa kumwaza."

Jumapili, nje ya kanisa, Jovitha aliinama sikioni mwa jirani. "Umeuona mkanda wa mwenyekiti? Ametoboa tundu jipya." Hakusema zaidi, na wala haikuhitajika, umbeya wa Ijumbi ulikuwa na miguu myepesi kuliko posta. Kufikia Alhamisi, Rwegasira, mtu aliyebeba mikungu miwili ya ndizi bila kuhema, alikuwa amekwisha zikwa midomoni.

Siku hiyohiyo alifariki bibi mmoja, Benadetha, wakakusanyika. Kimya kilipoingia, ikaja harufu ya kahawa inayoungua, ingawa hapakuwa na moto uani. Rwegasira akatoa mkono kibuyuni. Aliitazama punje nyeusi, kisha akawatazama wote.

"Mmenifanya nini?" aliuliza taratibu.

Kisha akaenda kuiosha maiti. Akafa kabla ya mwezi mchanga. Jovitha aliona aibu iliyomkata maini, lakini nyumbani binti yake alikuwa anakula ebitoke, ndizi za kupikwa, na kucheka, na yeye akalala usingizi.

Kwenye msiba wa Rwegasira kibuyu kilishikwa na mjane wake. Watu wakanyamaza, na Jovitha akagundua kwamba safari hii hakuwa amewapa jina. Akayageuza macho yake kwenye migomba, akajiambia asimwaze Kokushubila, amwaze yeyote, amwaze mjane, amwaze Mungu, ila si Kokushubila, si kifua chake, si kikohozi cha jana usiku alichokisikia ukutani akajifanya hakukisikia, na kadiri alivyomsukuma binti yake nje ya mawazo ndivyo alivyorudi, hata macho yakatoka migombani yakamfuata, na harufu ya kuungua ikapanda, na ndani ya kibuyu, ambacho hakuna aliyekitikisa, buni zikaanza kukwaruza, zikisogea kupisha kitu.

Wenzake nao walikuwa wakihangaika kutafuta wa kumwaza. Mmoja akaufuata uso wa Jovitha ulipokuwa umeelekea. Kisha wa pili. Kisha shingo zote zikageuka pamoja kwa Kokushubila, ambaye kibuyu kilikuwa kimemfikia wa kwanza.

"Mama," Kokushubila alinong'ona, mkono wake tayari umezama kibuyuni, "mbona unaniangalia mimi?"